Moto Haukuwa Wako

4 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi, dada yako, mzima wa afya, na herufi zangu bado zinalalia upande kama watu waliochoka kusimama. Natumaini na wewe u mzima. Miaka kumi na minne bila salamu ni mingi, lakini nisipoanza leo sitaanza tena.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mgeni wa hapa mjini, kuvalisha upya makochi yake. Nikiwa nampimia kitambaa, akaniambia kwamba kanisani kwao kule alikotoka kuna fundi wa lifti anayecheka kwa sauti kubwa, na kila akipewa nafasi husimulia jinsi alivyounguza karakana ya makochi ya baba yake, akafukuzwa, na Kristo akamwokota. Akasema fundi huyo ana kovu juu ya nyusi. Nilijichoma sindano. Kovu hilo nilikutia mimi kwa mfuniko wa sufuria, ukiwa na miaka sita. Nikaomba anwani yako pale pale.

Baba yupo. Mkono wake wa kulia ni ule ule, vidole vimekakamaa, hashiki nyundo. Huketi kwenye kiti karibu na mlango wa karakana akinielekeza kana kwamba nimeanza kazi jana. Sijaolewa, usiulize. Naendesha kazi, nampikia, nampeleka kliniki. Watu hapa mtaani wananiita Malaika. Usicheke.

Nina swali, si langu, ni la rafiki yangu mmoja. Aliwahi kufanya jambo baya zamani. Tangu hapo amekuwa akitenda mema bila kupumzika. Anauliza: mtu akifanya mema namna hiyo, haitoshi? Kulikuwa na haja gani Kristo ashuke kabisa hadi duniani? Mungu si angesamehe tu akiwa huko huko juu, yakaisha?

Simu najua ipo. Ila nikiisikia sauti yako nitaanza kuongea habari za mvua.

Dada yako


15 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tochi mdomoni. Nililia mpaka msaidizi wangu akanipigia kelele kutoka chini akidhani umeme umenipiga.

Nafanya kazi katika hospitali ya ghorofa nane yenye lifti tatu. Kila siku moja imekufa, kwa hiyo fundi wa lifti anapanda ngazi kuliko mtu yeyote mjini. Ndiyo maana wananiita Bwana Ngazi. Nina mke, nina binti wa miaka minne anayefanana nawe kwa ubishi.

Dada, kuhusu moto ule. Najua sikukuomba msamaha hata siku moja. Niliichoma kazi ya Baba, nikauharibu mkono wake, nikakuachia mzigo wote. Asubuhi ile nilipiga pasi vitambaa vya makochi ya mteja, na mpaka leo nikifumba macho nataka kuukumbuka mkono wangu ukichomoa ule waya, siukumbuki. Nilipoondoka nyumbani nilikunywa, nikapigana, nikalala vituoni. Nilijiambia mtu kama mimi hana haki ya kuketi kitini pamoja na watu. Siku moja mchungaji alinikuta nimekaa nje ya kanisa lake nikiogopa kuingia. Hakuniambia ingia. Alikuja akaketi chini na mimi, na suti yake. Hapo ndipo yalipoanza.

Mwambie rafiki yako hivi. Mtu akikwama ndani ya lifti, anaweza kuwa mwema sana humo ndani. Anaweza kuifagia, kuipangusa vioo, kumpisha mwenzake apumue. Lakini bado amekwama. Mlango haufunguki kwa wema. Na wewe ukiwa nje unaweza kumpigia kelele za maelekezo mpaka ukauke koo. Lazima mtu ashuke. Kristo alikuja kwa sababu dhambi si doa la kupangusa tu, ni mahali tulipofungiwa, na aliyefungiwa hana ufunguo.

Na huko kusamehe kwa mbali, dada, sidhani kama kupo. Anayesamehe ndiye anayeumia badala ya aliyekosa. Mungu hakutaka kuumia kwa maneno. Alikuja na mwili.

Baba hutaja jina langu?

Mdogo wako


26 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuhusu mtoto. Mwambie ana shangazi.

Baba hataji jina lako. Lakini ukitajwa na wengine haondoki, anabaki pale pale anasikiliza huku anajifanya kuangalia barabara.

Rafiki yangu alisikiliza barua yako kwa makini. Akasema ni rahisi kwako, kwa kuwa kosa lako kila mtu analijua. Yeye la kwake halijulikani. Tena kuna mtu mwingine aliyelibeba. Alisingiziwa, na rafiki yangu akaacha iwe hivyo. Sasa kila anaposifiwa kwa wema wake hugeuza maongezi. Anasema akiomba, anaombea mambo ya pembeni yote, kisha anasema amina haraka haraka kabla hajafika kwenye lile lenyewe.

Je, huyo naye Kristo alimjia? Au alikuja kwa wale wanaoweza kusema?

Dada yako


6 Machi

Shikamoo dada,

Huyo rafiki yako mbona anapenda kujitesa! Mwambie Kristo alimjia yeye hasa. Mwenye jeraha lililo wazi hata majirani watamfunga kitambaa. Lililofichwa ndilo linalooza.

Lakini aseme, dada. Hakuna njia ya mkato. Amwendee yule aliyebeba kosa lake, amwambie kwa kinywa chake. Dhambi inaishi kwa kufichwa, ukiitoa nje inaanza kufa. Kama Kristo ameishinda, rafiki yako anaogopa nini kuitaja?

Na yule aliyesingiziwa, kama ameokoka kweli, atasamehe. Asiposamehe, basi na yeye ana la kwake la kumpelekea Kristo. Wasiwasi wa nini?

Tarehe kumi na mbili Aprili kuna mkutano mkubwa hapa, makanisa yote ya mjini, uwanjani, saa tatu asubuhi. Wameniomba nitoe ushuhuda wa ule moto. Mke wangu amekwisha kuninunulia tai. Niombee.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Hakuna rafiki.

Nimeandika hayo maneno mawili, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, nikarudi.

Siku ile ulifunga karakana saa saba ukaenda kula. Mimi nilikuwa na ufunguo wangu. Nilikuwa nimeitwa kwa usaili wa kazi ya ukarani saa tisa, na sketi yangu ilikuwa na mikunjo. Niliingia. Pasi niliikuta juu ya kibao chake, ya baridi, waya umechomolewa na kuzungushwa vizuri kwenye mshikio kama Baba alivyotufundisha. Wewe uliichomoa, mdogo wangu. Mkono wako ulifanya kazi yake hata kama huukumbuki.

Niliichomeka mimi. Kabla sijamaliza upande mmoja umeme ukakatika. Nikakasirika, nikaibwaga pasi juu ya kitambaa cha mezani, kando ya sponji, nikavaa sketi yenye mikunjo yake nikatoka. Sikuchomoa waya. Umeme ukarudi nikiwa kwenye foleni ya usaili. Mengine unayajua. Baba alikuwa wa kwanza kufika, akaingia kuvuta makochi ya wateja.

Hospitalini alipouliza nani alitumia pasi, ukajibu, "Mimi, Baba." Nilikuwa nimesimama upande wa miguu yake nimeshika ndara zake. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha akasema lile neno, "Usinionyeshe tena uso wako," nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho Baba akitulia. Kesho yake ulikuwa umeondoka.

Ile kazi ya ukarani walinipa. Sikuenda. Nilibaki nimuuguze Baba, nijifunze ufundi, niwe mwema. Nimekuwa mwema mpaka nimechakaa. Umesema kweli, mlango haukufunguka.

Sikuombi chochote. Ulisema niseme.

Dada yako


23 Machi

Barua imefika.

Nimeishi miaka kumi na minne nikiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikifunga mlango wa nyumba yangu narudi mara tatu kuangalia kama nimezima jiko. Mke wangu hunicheka, hajui.

Usiniandikie tena.

Niliyekuwa mdogo wako


31 Machi

Mdogo wangu,

Umenikataza, na bado naandika. Hii ni ya mwisho kama utataka iwe ya mwisho. Lakini lazima ujue kwamba Baba anajua.

Nilimkuta karakanani anachambua misumari, iliyonyooka huku, iliyopinda huku, kazi ambayo mkono mmoja unaiweza. Nikasema kabla miguu haijanigeuza, "Baba, ile pasi niliiacha mimi."

"Pasi ipi?"

Hebu fikiria! Mimi nilidhani duniani kuna pasi moja tu.

"Ya moto, Baba. Mdogo wangu alikuwa ameshaichomoa. Niliichomeka mimi, nikaiacha."

Aliweka msumari chini. Mteja mmoja akaja, akatutazama, akaondoka bila kuuliza bei. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfukuza mtoto asiye na kosa."

"Mimi ndiye niliyemfukuza, Baba, kwa kunyamaza."

"Wewe ulinyamaza," akasema. "Mimi nilisema. Usinichukulie langu."

Aliinuka, akanijia. Nilijua atanipiga, nikainamisha kichwa nipigwe vizuri. Nikasikia ule mkono wa kulia umetua kichwani kwangu, mzito, mgumu, vidole haviwezi hata kunishika. Akasema, "Mkono huu uliacha kuniuma mwaka wa pili. Wewe umekuwa ukiungua humu ndani siku zote, na mimi nipo nawe chumba kwa chumba?" Nikaushika mkono ule. Akasema, "Basi, mama. Basi. Toka kwenye huo moto."

Mdogo wangu, nimesikia mahubiri mengi kuhusu msamaha. Sikujua kwamba una uzito na joto.

Nilienda nikapiga magoti kitandani kwangu, na kwa mara ya kwanza sikuisema amina haraka. Nililitaja lile lenyewe. Nilidhani Kristo atanitazama kama mtu aliyesikia habari mpya. Nikaelewa kwamba alilijua na alikwisha kulifia kabla sijaichomeka ile pasi. Alinisubiri tu niache kulilinda.

Humo ndani utakuta karatasi ya Baba. Ameiandika mwenyewe, asubuhi nzima. Hajaniruhusu kusaidia.

Dada yako


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya barua hiyo, tarehe hiyo hiyo)

Mwanangu,

Mkono wa kushoto huu, vumilia.

Nilikuuliza swali moja, sikukuuliza la pili. Nilikuwa na maumivu nikataka mtu wa kumtupia. Nimekukosea. Baadaye nilijua nimekukosea hata kama ungekuwa ndiwe uliyeichoma karakana, ila kiburi kilinikaba.

Uso wako nataka kuuona.

Baba yako


13 Aprili

Shikamoo dada,

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na wiki zile tatu, maana hukuziona.

Nilikuchukia. Sitalipaka sukari. Nilikuchukia nikiwa napiga mswaki, nikiwa napaka mafuta kamba za lifti, nikiwa kwenye maombi. Nilikuwa natunga barua kichwani, kila moja kali kuliko ya kwanza. Barua yako ya mwisho na karatasi ya Baba zilipofika niliziweka mfukoni bila kuzifungua. Na kibaya zaidi, nilihofia ule ushuhuda. Nilikuwa nimejenga maisha yangu ya kiroho juu ya kosa la moto. Sasa moto haukuwa wangu. Nimesamehewa nini basi? Kristo alinifia kwa lipi?

Alhamisi iliyopita lifti ya kati ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja mfanyausafi, peke yake na ndoo yake. Niliongea naye kwa simu ya ndani. "Tulia mama, usiguse mlango, pumua polepole, hakuna hatari." Nilisema yote tunayofundishwa kusema. Akanikatiza, "Baba, maneno yako mazuri sana. Lakini uko wapi?"

Nikapanda ngazi mbio hadi chumba cha mashine kule juu kabisa. Nikakata umeme, nikaizungusha mashine kwa mkono mpaka lifti ikakaa sawa na ghorofa ya tano, nikashuka, nikafungua mlango. Alitoka na ndoo yake, akanishika mkono hakuuachia, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Alipokwenda zake nikakaa kwenye ngazi. Maana nilijua aliyekwama ni mimi. Nilikuambia yule aliyesingiziwa "atasamehe, wasiwasi wa nini?" Nilikuwa nakupigia kelele kwa simu, dada. Nilikuwa sijawahi kuingia humo.

Nikasema kwa sauti, pale kwenye ngazi, "Bwana, siwezi kumsamehe. Nimejaribu, siwezi. Shuka."

Akashuka.

Sina namna nyingine ya kulisema. Sikusikia sauti. Ila ile chuki niliyokuwa nimeishika kwa mikono miwili, nilitazama nikakuta mikono yangu iko wazi. Ndipo nikatoa barua zenu mfukoni nikazisoma. Nilipofika kwenye herufi za Baba, zile za mtoto wa darasa la kwanza, nililia mpaka daktari mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, "Hapana, daktari, nimefufuliwa."

Jana nikapanda jukwaani na tai yangu. Uwanja umejaa. Nikasema, "Ushuhuda mliokuja kuusikia umekufa. Kosa nililokuwa nikiwasimulia sikulifanya." Watu wakatazamana. Mchungaji wangu akavua miwani. Nikasema, "Lakini wiki tatu hizi nimemchukia mtu wa damu yangu, na hilo ni langu, hakuna aliyenisingizia. Nilidhani Kristo alikuja kufuta orodha ya makosa ya zamani. Kama ni hivyo tu, mimi ningemwambia asante, kumbe sikudaiwa. Lakini alikuja kupigana na dhambi yenyewe, huyo bwana anayetutawala, aliyemfunga dada yangu mdomo, akamfanya baba yangu jiwe, na mimi akanijaza sumu. Sisi watatu hakuna aliyemweza. Yeye alimfuata mpaka msalabani, mpaka ndani ya kaburi, akatoka, na kaburi likabaki halina mtu. Na leo nyumba yetu imefunguliwa!"

Dada, ule uwanja ulilipuka. Sijawahi kusikia watu wakishangilia kitu kama kile. Bibi mmoja aliirusha kanga yake juu haikurudi, imenaswa kwenye spika.

Nimekusamehe. Na wewe nisamehe kwa ile barua fupi ya Machi, ichane.

Nimeomba likizo. Tunakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, mimi, mke wangu na yule mbishi.

Mdogo wako, sasa na siku zote


5 Mei

Mdogo wangu,

Mmefika salama, tumeshukuru. Nyumba imekuwa kimya mno. Binti yako ameniachia alama za vidole vyenye gundi kwenye kochi la mteja na nimekataa kuzifuta mpaka mteja aje.

Kuna jambo hukuliona, acha nikusimulie. Ulipoingia uani ulikuwa unatazama chini, ukamwendea Baba umeinama hivyo hivyo mpaka ukapiga magoti. Kwa hiyo hukuuona uso wake. Mimi niliuona. Alikuwa amejiandaa na maneno, ameyarudia tangu alfajiri, nimemsikia. Ulipokaribia, yote yakamtoka. Alijaribu kuinuka, kiti kikamfuata, ukasikia kile kishindo ukadhani ameanguka. Hakuanguka, mdogo wangu. Alikuwa anakukimbilia. Baba yetu, mwenye goti bovu, alikukimbilia hatua nne zile zilizobaki. Kisha akakushika kidevu kwa mkono wa kushoto, akauinua uso wako juu, akautazama. Ulifumba macho wakati ule. Alikuwa anacheka.

Jumapili hii iliyopita, mkiwa mmekwisha kuondoka, nilisimama kanisani nikawaeleza kwamba Malaika hayupo, hakuwahi kuwepo, aliyepo ni mtu aliyenyamaza miaka kumi na minne na Kristo akamshindia. Nilitegemea macho ya kunichoma. Mama mmoja wa kwaya, yule mkali, akaja mbele akanishika mkono, akaninong'oneza, "Na mimi nina la kwangu. Nisubiri tutoke nje." Tulikaa naye mpaka watu wote wakaondoka. Leo ni wa tatu kuja. Wanakuja karakanani, wanakaa juu ya makochi ambayo hayajavalishwa, wanasema. Baba anatoka anatuachia nafasi.

Nimeanza kulala, mdogo wangu. Na naimba nikifanya kazi, vibaya, mpaka wateja wanalalamika.

Jana alikuja mzee mmoja mgeni kuulizia meza. Wakaanza yale maongezi yao ya wazee, magoti, mvua, vijana wa siku hizi. Akamuuliza Baba ana watoto wangapi. Mimi nilikuwa ndani nimeshika mkasi, nikasimama, kwa kuwa swali hilo kwa miaka yote nimelisikia likijibiwa, "Mmoja."

"Wawili," Baba akasema. "Mmoja alipotelea mbali, mwingine alipotelea humu humu ndani ya nyumba. Wamerudi wote."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa wapi?" yule mzee akamtania.

Baba akacheka, akampigapiga begani kwa ule mkono wa kulia. "Mimi?" akasema. "Mimi nimefika pamoja nao."

Dada yako